Nyayo Zilizoutangulia Mlima Kilimanjaro

Abiria anayeshuka njia panda ya KIA, yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, huiona milima miwili kwa pamoja: Kilimanjaro upande wa kaskazini-mashariki na Meru upande wa magharibi. Akigeuka kusini, ataviona vilima vya Mererani, vifupi na vikavu, ambavyo hakuna mtalii anayesimamisha gari kuvipiga picha. Ukimwuliza kati ya hivyo vyote kipi ni kikongwe zaidi, huenda akanyoosha kidole kuelekea kwenye theluji, kwa kuwa akili ya mwanadamu huoanisha ukubwa na umri. Ukweli uko kinyume kabisa. Mwamba wa Mererani uliobeba kito cha tanzanaiti ulipata umbo lake la sasa miaka ipatayo milioni 585 iliyopita, ilhali Shira, sehemu ya kwanza ya Kilimanjaro kutoka ardhini, ina umri wa miaka milioni 2.5 hivi. Kilima kile kisichotazamwa kinauzidi umri mlima maarufu kwa zaidi ya mara 200.

Nimeanza na jambo hili kwa sababu ndilo linalowachanganya watu wengi wanapojaribu kuielewa historia ya dunia kwa kutazama mandhari ya Arusha na Moshi. Kimo si umri. Mlima mrefu kwa kawaida ni mlima mchanga, kwa maana kwamba mvua, barafu na upepo bado havijapata muda wa kuushusha. Milima mikongwe imekwisha kulimwa na maji hadi ikabaki vilima, na mingine hadi ikabaki tambarare ambayo mtu huipita kwa basi bila kufahamu kwamba anapita juu ya mizizi ya mlima uliokufa.

Mererani ni mzizi wa namna hiyo. Kabla ya kuwa mwamba mgumu, tabaka zake zilikuwa matope na chokaa vilivyotuama katika bahari. Miamba hiyo ina grafiti, yaani kaboni ileile inayotumika katika penseli, na ina madini ya vanadi, ambayo ndiyo huipa tanzanaiti rangi yake ya buluu. Wanajiolojia wengi huieleza asili ya kaboni hiyo kuwa ni mabaki ya viumbe wadogo mno waliokufa na kuzama katika matope meusi yasiyo na hewa, matope ambayo pia hukusanya vanadi kwa wingi. Baadaye mabara mawili ya kale yalisogeleana, bahari iliyokuwa kati yake ikafungwa, na yale matope yakasukumwa chini kilomita nyingi, yakabanwa na kupikwa hadi yakageuka kuwa mwamba mwingine kabisa. Safu ya milima iliyozaliwa na mgongano huo ilipita mashariki mwa Afrika kutoka kusini hadi kaskazini. Milima ya Pare imejengwa kwa miamba ya kizazi hicho, na ndiyo sababu mawe ya Same na Mwanga hayafanani hata kidogo na mawe meusi yenye matundu ya Machame au Ngaramtoni.

Ni vyema kutua hapa kidogo. Wakati kito hicho kinaumbika, nchi kavu haikuwa na mti, jani wala mdudu. Hapakuwa na samaki. Wanyama wa kwanza wakubwa wa kuonekana kwa macho, wenye miili laini isiyo na mifupa, wanaanza kuonekana katika miamba ya sehemu nyingine za dunia takriban miaka milioni 575 iliyopita, na wanyama wenye magamba na miguu ya viungo wanaongezeka kwa kasi baada ya miaka milioni 539 iliyopita. Tanzanaiti, ambayo ulimwengu uliigundua mwaka 1967, iliwatangulia wote hao.

Hata hivyo, Mererani si mwanzo. Ukienda magharibi hadi ndani ya Serengeti, utakuta majabali ya mviringo yaliyochomoza katikati ya nyasi, yale ambayo simba hupenda kulala juu yake. Mengi ya majabali hayo ni matale, yaani graniti, ya kiini cha kale cha bara la Afrika, sawa na mawe ya Mwanza, na umri wake unazidi miaka bilioni 2.5. Hewa ya wakati huo haikuwa na oksijeni ya kuvuta. Uhai ulikuwepo, lakini ulikuwa wa bakteria na jamaa zake tu. Alama zake za wazi, yaani vichuguu vya mawe vilivyojengwa na tando za bakteria katika maji ya kina kifupi, zimehifadhiwa Australia katika miamba yenye umri wa karibu miaka bilioni 3.5. Baadhi ya bakteria walijifunza kutumia mwanga wa jua kuvunja maji na kutoa oksijeni kama taka, na kati ya miaka bilioni 2.4 na 2.3 iliyopita taka hiyo ilianza kubaki angani. Kwa viumbe wengi wa zama hizo ilikuwa sumu. Kwa hiyo simba aliyelala juu ya jabali la Serengeti amelalia kitu kilichokuwepo kabla ya pumzi anayoivuta.

Umri wa dunia yenyewe haukupatikana kwa kulipima jiwe la hapa duniani, kwa kuwa gamba la dunia hujila na kujijenga upya, na mawe ya mwanzo kabisa hayakubaki. Mwaka 1956 mwanasayansi Clair Patterson wa Marekani alipima madini ya risasi yaliyomo ndani ya vimondo, yaani mabaki ya vitu vilivyojiunda pamoja na dunia, akapata miaka bilioni 4.55, na vipimo vya leo vinasema 4.54. Watanzania wanao mfano mkubwa wa kimondo cha chuma kule Mbozi, ingawa si hicho alichokipima yeye.

Tarakimu hizi haziingii akilini kirahisi, na binafsi sina hakika kama kuna mtu anayeweza kuhisi miaka bilioni moja. Lakini kwa kuwa Moshi ina mnara wa saa na Arusha ina mnara wa saa, na barabara kati ya minara hiyo ni kama kilomita 80, tunaweza kuitumia barabara hiyo kama kipimo. Tuseme dunia inaanza kwenye mnara wa Moshi na siku ya leo iko kwenye mnara wa Arusha. Kila kilomita ni miaka milioni 57 hivi. Vichuguu vya bakteria vya Australia vinatokea kabla hujafika Boma Ng'ombe. Majabali ya Serengeti yanaganda unapokaribia njia panda ya KIA. Tanzanaiti inaiva ukiwa umekwisha kuipita Tengeru, kilomita kumi tu kutoka mwisho wa safari. Dinosaria wanatoweka ukiwa umebakiza kilomita moja na kidogo. Shira inalipuka kwa mara ya kwanza ukiwa mita 44 kutoka kwenye mnara, na binadamu wa aina yetu anaonekana katika hatua zako saba au nane za mwisho.

Kipimo hiki kina faida nyingine ambayo si ya kustaajabisha tu. Kinatuonyesha pengo. Kuanzia kilomita ya kumi kabla ya mnara wa Arusha hadi mita mia moja na ushee za mwisho, miamba ya Arusha na Kilimanjaro iko kimya karibu kabisa. Zaidi ya miaka milioni 500 haina ushahidi wake hapa. Katika muda huo mimea ilipanda nchi kavu, samaki wakatoa wanyama wa miguu minne, maangamizi makubwa kuliko yote yakatokea miaka milioni 252 iliyopita, dinosaria wakaja na kuondoka, mamalia wakarithi nafasi. Mtu akiuliza kwa nini hatuchimbi mifupa ya dinosaria Usa River, jibu ni kwamba kuna uwezekano walipita hapa, lakini hapakuwa na mahali pa kuwazika. Ili mfupa uhifadhiwe, sharti ufunikwe upesi na mashapo, na mashapo hutuama mabondeni na baharini. Eneo letu kwa sehemu kubwa ya muda huo lilikuwa nchi iliyoinuka, yaani nchi inayotoa udongo na kuupeleka kwingine. Ilikuwa ikifutwa, si ikiandikwa.

Kurasa hizo zipo, ila ziko kwa majirani zetu wa kusini. Katika bonde la Ruhuhu, upande wa Ziwa Nyasa, miamba yenye umri wa miaka milioni 240 hivi imetoa mifupa ya Nyasasaurus, mnyama ambaye ama ni dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana au ni jamaa wa karibu sana wa dinosaria wa kwanza. Mifupa hiyo ilikusanywa miaka ya 1930 na kupewa maelezo rasmi mwaka 2013. Tendaguru, mkoani Lindi, kuna mashapo ya pwani ya kale yenye umri wa miaka milioni 150 hivi, ambayo Wajerumani waliyachimba kati ya mwaka 1909 na 1913 na kusafirisha shehena ya mifupa hadi Berlin, ambako dinosaria mmoja mrefu wa Lindi amesimamishwa ndani ya ukumbi akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Hadi leo bado yuko huko, na mjadala wa kumrejesha nyumbani haujaisha.

Ukimya wa kaskazini ulivunjwa na Bonde la Ufa. Miaka kati ya milioni sita na nane iliyopita, gamba la dunia katika eneo letu lilianza kuvutwa pande mbili, likapasuka, sehemu zikadidimia na uji wa mawe ukapata njia ya kupanda. Volkeno zilifuatana: Essimingor, Lemagrut, Ngorongoro, Kilimanjaro, Meru, Lengai, na nyingine ndogo ambazo leo ni vilima tunavyochimba moramu nyekundu ya kumwaga barabarani. Kwa pigo moja nchi hii ilipata vitu vyote viwili ilivyokuwa imevikosa kwa miaka nusu bilioni: mabonde ya kupokea mashapo, na majivu ya kufunika kila kilichoanguka ndani yake.

Majivu hayo ndiyo yaliyohifadhi nyayo za Laetoli, kusini mwa korongo la Oldupai. Volkeno ilinyunyiza majivu laini, mvua nyepesi ikayalowesha kiasi kwamba vishimo vya matone bado vinaonekana, wanyama wa kila namna wakapita, na miongoni mwao wakapita viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili. Jua likayakausha, yakashikana kama saruji, kisha majivu mengine yakafunika. Nyayo za wanyama ziligunduliwa mwaka 1976, na mwaka 1978 kundi la mtafiti Mary Leakey likafukua mstari wa nyayo za miguu miwili wenye urefu wa mita 27 hivi. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Profesa Fidelis Masao walitangaza nyayo nyingine katika eneo hilohilo, mmoja wa wenye nyayo hizo akiwa mrefu kuliko wenzake wote waliojulikana hapo awali. Umri wa nyayo ni miaka milioni 3.66.

Linganisha tarakimu hiyo na ya Shira. Wale waliokanyaga majivu ya Laetoli, kama wangegeuza macho kuelekea mashariki, wasingeuona Kilimanjaro, kwa kuwa haukuwepo. Ulihitaji zaidi ya miaka milioni moja ndipo uanze. Shira ilifanya kazi hadi miaka milioni 1.9 hivi iliyopita ikanyamaza. Mawenzi ikafuata takriban miaka milioni moja iliyopita. Kibo, chenye kilele cha mita 5,895 ambacho ndicho watu hukiita mlima, kilianza kujengeka miaka isiyozidi nusu milioni iliyopita. Kutembea wima ni jambo la zamani kuliko mlima huo.

Msomaji makini atauliza tunajuaje. Saa inayotumika zaidi kwa majivu ya volkeno hutegemea potasiamu. Sehemu ndogo ya potasiamu iliyomo katika mawe haiko tulivu. Polepole hugeuka, na sehemu ya mazao yake ni gesi ya agoni. Kila baada ya miaka bilioni 1.25, nusu ya potasiamu hiyo huwa imekwisha kugeuka. Wakati mwamba ni uji wa moto, gesi hutoka na kupotea. Punje ya fuwele ikishaganda, gesi hunaswa ndani. Mtu wa Moshi anaweza kufikiria mbege, pombe ya ndizi, iliyotiwa katika chombo na kufungwa kifuniko kisichopitisha hewa: kadiri inavyokaa ndivyo gesi inavyojaa, na anayejua kasi ya kuchacha anaweza kukadiria ilifungwa lini. Tofauti ni kwamba mbege huharakishwa na joto na kucheleweshwa na baridi, ilhali potasiamu haijali joto, baridi wala mgandamizo. Ndiyo maana inaaminika. Saa hii haipimi mfupa wenyewe. Inapima majivu yaliyo chini na juu ya mfupa, na mfupa unabaki katikati kama shahidi kati ya tarehe mbili.

Oldupai ndipo saa hiyo ilipotikisa mawazo ya watu. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona fuvu la jamaa wa kale wa binadamu lililopewa jina la Zinjanthropus, ambalo leo linatunzwa Dar es Salaam. Louis Leakey, mumewe, alikadiria umri wake kuwa kama miaka 600,000. Mwaka 1961 vipimo vya potasiamu na agoni vilitoa miaka milioni 1.75, karibu mara tatu, na vipimo vya baadaye vimeusogeza nyuma zaidi kidogo. Miamba ya korongo hilohilo imehifadhi pia mwelekeo wa sumaku ya dunia, ambayo mara kwa mara katika historia imegeuka, kaskazini ikawa kusini. Kipindi kimoja cha kati ya miaka milioni 1.95 na 1.78 hivi iliyopita, ambapo sumaku ilielekea kama inavyoelekea leo, kinaitwa Olduvai na wanajiolojia wa dunia nzima, hata wanapopima matope ya chini ya bahari ya Pasifiki. Bahati mbaya wamechukua tahajia iliyokosewa, kwa kuwa Wamasai husema Oldupai, jina la mkonge pori unaoota pale.

Kwa nini basi visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, viko Oldupai na Laetoli na si Marangu? Jibu liko katika kemia ambayo kila mkazi wa Arusha anaijua bila kuitaja. Volkeno nyingi za eneo hili hutoa mawe yenye sodiamu nyingi kuliko kawaida. Magadi ya Ziwa Natron ambayo mama anatia kwenye maharage magumu ni zao la kemia hiyo. Floridi iliyozidi katika maji ya visima vingi vya miteremko ya Meru, ambayo hugeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia, nayo inatokana na mawe hayohayo. Katika nchi kavu kama ya Oldupai, majivu ya namna hiyo huufanya udongo uwe na hali ya magadi, na mfupa hudumu ndani yake hadi madini yachukue nafasi ya kilichokuwa hai. Marangu kuna mvua nyingi na msitu. Maji hupita katika majani yaliyooza, udongo unakuwa na asidi, na mfupa huyeyuka. Udongo unaostawisha migomba na kahawa haufai kwa kutunza wafu.

Palipo na mifupa na nyayo, swali la mageuko ya viumbe halikwepeki, na mara nyingi huulizwa vibaya. Husemwa kwamba sayansi inadai binadamu amezaliwa na sokwe. Kusema hivyo ni sawa na kusema kwamba umezaliwa na binamu yako. Binamu yako na wewe mna babu mmoja. Watoto wake waligawana kihamba, yaani shamba la ukoo, kila tawi likaenda njia yake, na hakuna aliyemzaa mwenzake. Mistari ya binadamu na sokwe iligawanyika miaka ipatayo milioni sita au saba iliyopita, na waliokanyaga majivu ya Laetoli wako upande wetu wa mgawanyiko huo, ingawa ubongo wao ulikuwa mdogo karibu kama wa sokwe. Miguu ilitangulia, ubongo ukafuata baadaye sana. Wala ukoo haukuwa mstari mmoja: Zinjanthropus na Homo habilis, jamaa mwingine wa kale aliyetangazwa mwaka 1964, waliishi Oldupai katika kipindi kimoja, na tawi la Zinjanthropus halikuacha uzao hata mmoja.

Mtu asiyependa mifupa anaweza kuuona utaratibu huohuo kwa viumbe walio hai. Ziwa Chala, lililoketi ndani ya kasoko kwenye ubavu wa Kilimanjaro mpakani na Kenya, lina perege ambaye asili yake haipatikani kwingine kokote duniani, na jamaa zake wa karibu wako Ziwa Jipe na Mto Pangani. Ziwa likishajitenga, samaki walio ndani hawazaliani tena na wa nje, na tofauti ndogondogo hujilimbikiza. Misenesio mikubwa, mimea ya baridi ya sehemu za juu inayowashangaza wapanda mlima, inafuata mkondo huo: ya Kilimanjaro ni aina yake na ya Meru ni aina yake, kwa sababu kati ya vilele hivyo kuna tambarare ya joto ambayo mmea huo hauwezi kuishi. Kwa mmea wa baridi, Kilimanjaro na Meru ni visiwa viwili.

Kazi hiyo ya ardhi haijakoma. Meru ulipoteza ubavu wake wa mashariki katika miaka elfu kumi iliyopita; mawe yaliporomoka na kutapakaa hadi tambarare, na maziwa ya Momela yamekaa katika mashimo yaliyoachwa kati ya vifusi hivyo. Ol Doinyo Lengai, volkeno pekee hai duniani inayojulikana kutoa lava ya kabonati ya sodiamu, humwaga lava nyeusi isiyofikia nyuzi joto 600, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida, ambayo hugeuka kuwa nyeupe baada ya kunyonya unyevu wa hewa. Julai 2007 nyumba za Arusha zilitikiswa kwa mfululizo wa matetemeko yaliyotokea upande wa Natron, ambako uji wa mawe ulikuwa ukijipenyeza katika ufa, na Septemba mwaka huo Lengai ukaanza kulipuka na kumwaga majivu hadi mwaka uliofuata. Chini ya mlima huo, huko Engare Sero, zipo nyayo zaidi ya 400 za watu wa aina yetu waliopita katika matope ya majivu ya volkeno hiyohiyo, wengine wakikimbia, maelfu ya miaka iliyopita. Pande mbili za ufa huu bado zinaachana kwa milimita chache kila mwaka, polepole kuliko ukucha unavyokua.